Mto Uliopanda Kabla ya Mvua

Mara mbili kwa siku, saa tatu asubuhi na saa kumi na moja jioni, mzee mmoja aliteremka mtoni na daftari lililofungwa ndani ya mfuko wa nailoni, akachuchumaa mbele ya rula, akaandika namba moja, akapanda kurudi kwake. Kazi yote ilikuwa hiyo. Aliifanya kwa miaka thelathini na kitu. Halafu mimi, kwa ukurasa mmoja nilioandika ofisini, nikasababisha madaftari yake yote yahesabiwe kuwa hayafai. Yabaki au yatupwe, neno langu ndilo lililoamua, na ndiyo sababu ninaandika habari zake.

Tulimwita Msomaji. Jina analo, na limo kwenye orodha ya kwaya kanisani, lakini sijawahi kusikia mtu akilitumia. Wakinamama waliofua mtoni walimwita Baba Msomaji. Hata mkewe, chakula kikiwa tayari, alitoka mlangoni akaita, "Msomaji, ugali unapoa!"

Mto wenyewe ni mdogo. Unashuka kutoka kwenye vilima vya mawe kusini ya Mkolani, unapita katikati ya majaruba ya mpunga, unaingia kwenye ghuba ya ziwa bila kelele. Kiangazi mtoto anauruka. Masika nimeuona ukipita na mbuzi, na mara moja na paa zima la choo. Karibu na daraja la waenda kwa miguu ofisi ya maji ilisimamisha nguzo ya zege zamani sana, ikaifungia bamba jeupe la chuma lenye sentimita zilizochorwa kwa rangi nyeusi. Wataalamu wana jina lao la kitu hicho. Sisi tuliita rula, na yeye pia.

Mama yangu, Mjita aliyejifunza mpunga kwa majirani zake Wasukuma, alikuwa na majaruba mawili ng'ambo ya daraja. Ndivyo nilivyomfahamu Msomaji, nikiwa na miaka tisa au kumi, nimetumwa kufukuza ndege na nimechoka kuwafukuza.

"Shikamoo."

"Marahaba. Usisimame hapo, unanitilia kivuli kwenye sentimita."

Nikasogea. "Unaandika nini?"

"Maji."

"Maji yanaandikwa?"

"Yakitulia kidogo."

"Na ukidanganya, nani atajua?"

Mwalimu wangu wa darasa la nne alikuwa amenibatiza Kamati ya Uchunguzi kwa sababu ya maswali ya namna hii, na nilizoea kujibiwa kwa kofi au kwa hadithi ya Mungu anayeona yote. Msomaji alifunga daftari. 

"Hakuna," akasema. "Mke wangu hajui, mwenyekiti hajui, ofisini hawajui. Ndiyo maana hii kazi inachosha."

Nilirudi kwenye ndege wangu nikiwa nimekasirika. Nilikuwa nimekuja kumkamata, na yeye alikuwa amenifungulia mlango mwenyewe.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na magoti yake yalilia kila alipochuchumaa. Wakinamama walisema wanasikia magoti ya Msomaji kabla hawajasikia salamu yake. Alivaa suruali iliyokatwa chini ya goti na shati safi la mikono mirefu, daima safi, kwa sababu, alisema, anakwenda ofisini. Kiswahili chake kilikuwa cha mtu aliyelelewa kwa Kisukuma, na "r" na "l" zilibadilishana viti zilivyotaka. Siku moja alinituma nyumbani kwake nimletee karamu. Nilimwambia mkewe kwamba mzee anataka karamu. Mama wa watu akanitazama, akauliza, "Karamu ya nani tena? Kuna harusi huko mtoni?" Kumbe ilikuwa kalamu. Mama yule alicheka hadi akaketi chini, na tangu siku ile kalamu kwenye nyumba ile iliitwa harusi.

Alikuwa na ugomvi usiokwisha na wafuaji. Nguzo ya rula ilikuwa mahali pazuri pa kutundika nguo, na wao walitundika. Alikubaliana nao kwamba nyuma ya nguzo ni kwao na mbele ni kwa serikali. Mkataba huo ulivunjwa kila wiki.

"Baba Msomaji," mmoja alimwambia mbele yangu, kwa sauti ya kusikika hadi darajani, "hivi hii sidiria yangu inakukosea nini?"

"Imekalia sentimita tisini."

"Si uinue usome?"

"Siwezi. Kwenye fomu hakuna sehemu ya kuandika kwamba niliinua."

Walicheka karibu waangukie majini. Yeye hakucheka. Alisubiri, daftari mkononi, mpaka sidiria ikaondoka, akasoma, akawaaga kila mmoja kwa jina.

Nikiulizwa mtu huyu alikuwa wa namna gani, napata shida, kwa sababu vipande vyake havikai pamoja. Alipima mto kwa sentimita, lakini hakupima kitu kingine chochote maishani. Sukari aliitia kwenye chai kwa kumimina kutoka kwenye mfuko. Kanisani alifika wimbo wa pili ukiwa unaisha, kila Jumapili, na mchungaji alikwishaacha kumkemea. Umri wake aliutaja tofauti kulingana na anayeuliza. Aliishi mwendo wa nusu saa kutoka ziwani na hakula samaki. Nilimuuliza kwa nini, nikitegemea habari za mwiko wa ukoo.

"Nawaona wanavyopita chini ya rula yangu," akasema. "Siwezi kula mtu tunayefanya naye kazi."

Alikuwa mtii kupita kiasi. Barua ikija na muhuri wa ofisi, aliisoma amesimama. Wakimwandikia abadili aina ya fomu, alibadili siku hiyohiyo, hata kama fomu mpya ilikuwa mbaya kuliko ya zamani, na ilikuwa mbaya. Mimi, ambaye chuoni nilikuwa nabishana na wahadhiri juu ya mpangilio wa viti, nilimwona kama mtu aliyezaliwa bila mfupa wa kukataa.

Kumbe alikuwa nao, ila aliuficha mahali pengine. Mwaka mmoja vuli haikunyesha. Majaruba yalipasuka, mama yangu akavuna mabua. Mwenyekiti wa mtaa alikuja na wajumbe wawili kwa Msomaji, na mimi nilikuwepo kwa sababu nilikuwa likizo na sikuwa na adabu ya kuondoka watu wazima wakiongea.

"Mzee wetu," mwenyekiti akaanza, "tumesikia wanachimba visima kwa wale ambao mito yao imekauka."

"Ni vizuri."

"Sasa wanaangalia namba. Namba zako."

"Ndiyo."

"Wewe unaandika ngapi siku hizi?"

"Juzi kumi na mbili. Jana kumi na moja."

"Si ungeandika tu sifuri? Kumi na moja na sifuri zina tofauti gani? Maji yenyewe ya kunawa miguu."

"Yakifika sifuri nitaandika sifuri."

"Msomaji! Watoto watakunywa namba zako?"

Mkewe, aliyekuwa anapembua mchele, aliacha kupembua. Mmoja wa wajumbe akasema kwa Kisukuma jambo ambalo sikulielewa, na kwa uso wa mama yule nilijua lilikuwa tusi. Msomaji aliinuka akawaletea maji ya kunywa, akampa kila mmoja kwa mikono miwili, kisha akasema, "Mwenyekiti, andika barua. Sema watu wako wana kiu. Mimi nitatia sahihi hapo chini, hata mara kumi. Lakini kwenye daftari mimi si mkazi wa hapa."

Waliondoka bila kuaga. Kwa mwaka mzima hakualikwa kwenye msiba wala sherehe, na kwa watu wetu adhabu hiyo ni kubwa. Nilimwona mjinga. Leo nimesoma ukurasa wa siku ile: kumi na moja, halafu kumi na moja, na kwenye safu ya maelezo, "Maji safi. Watu wana shida."

Ile safu ya maelezo ndiyo iliyonimaliza. Ilikuwa nyembamba, imewekwa kwenye fomu kwa ajili ya kuandika kama rula imevunjika au imezibwa na takataka. Yeye aliitumia kama dirisha. "Nyuki wengi." "Povu la sabuni, si mvua." "Maji yana rangi ya chai ya maziwa, wamelima kilimani." Nilipokuwa mwaka wa pili chuo kikuu, nimejifunza takwimu na nimeacha kumwamini kila mtu, niliamua kumpima. Nilijificha asubuhi kwenye matete ng'ambo ya mto, nikasoma rula kwa darubini ya kuazima, nikaandika. Alikuja, akasoma, akaondoka. Jioni nilikwenda kumsalimia nikaomba kuona daftari. Namba yake na yangu zilikuwa moja. Kando yake alikuwa ameandika, "Mgeni mmoja kichakani."

Alinimiminia chai yenye sukari ya kutosha watu watano.

Nilipomaliza chuo nilipata kazi kwenye kundi linalochunguza jinsi mabadiliko ya tabianchi yatakavyogusa maji ya mito yetu hii midogo inayolisha ziwa. Watu hutuuliza kama tunatabiri, na jibu ni hapana. Tunatengeneza mto wa hesabu ndani ya kompyuta, tunauita modeli. Tunaupa mvua iliyonyesha miaka iliyopita, joto, aina ya udongo, mashamba, nyumba za bati, halafu tunatazama kama utapanda na kushuka kama mto wa kweli ulivyofanya. Ukishindwa kuiga jana, hauna haki ya kusema juu ya kesho. Ukiiga vizuri, ndipo tunauuliza: joto likiongezeka, mvua zikija chache lakini kali, utafanya nini? Kwa hiyo kila kitu kinasimama juu ya mtu aliyesoma mto wa kweli. Kwetu alikuwa mmoja.

Nilikwenda mwenyewe kuchukua madaftari. Alikuwa ameyafunga kwa mwaka, kila mwaka na kamba yake.

"Utayarudisha?"

"Nitayarudisha, Mzee Msomaji."

"Na huo mto wako wa kompyuta, una matope?"

"Hapana."

"Ng'ombe wanakunywa?"

"Nimeweka kiasi cha maji kinachochotwa kwa siku."

"Nimeuliza ng'ombe."

"Wamo. Ndani ya hicho kiasi."

Aliridhika nusu. "Sawa, msomi," akasema. Aliniita hivyo tangu nianze chuo, na sikuwahi kujua ni heshima au dhihaka. "Wewe msomi, mimi msomaji. Tutaelewana tu."

Hatukuelewana. Siku za kawaida saa za kusoma zilikuwa zimechapishwa kwenye fomu, hazikuwa na shida. Lakini siku za mafuriko alikaa mtoni kutwa nzima akisoma kila saa, na hapo aliandika saa kwa mkono wake kwenye safu ambayo kichwa chake kilikuwa cha Kiingereza: 4, 5, 6, 7. Siku za mafuriko ndizo tulizozihitaji kuliko zote. Nilizichapa zote kwenye kompyuta mimi mwenyewe, wiki mbili. Kisha nikazilinganisha na kipima mvua kilichokuwa kilimani, kile kinachojiandikia chenyewe, dakika kwa dakika.

Mto ulikuwa unapanda kabla ya mvua.

Haikuwa mara moja. Kila furiko lilikuwa hivyo. Chukua furiko moja: mvua inaanza saa tisa za kompyuta, yaani saa tatu zetu za asubuhi. Mto, kwa mujibu wa Msomaji, umekwishafika kilele saa mbili kabla ya tone la kwanza. Nilitazama kwa siku tatu. Nilikumbuka yule mtoto aliyeuliza ukidanganya nani atajua, na nikajiona nimefika mwisho wa swali langu. Nilijisemea kwamba mzee alikuwa mkweli siku aliyoniona kichakani, lakini mtu hakai kwenye mvua kutwa nzima miaka yote hiyo. Alikuwa anakaa nyumbani, anakisia, anajaza. Sikufurahi, lakini nisiseme uongo: kulikuwa na kitu ndani yangu kilichotulia, kama mtu aliyeambiwa kwamba mlima aliokuwa anauogopa ni wa karatasi.

Niliandika ukurasa ule. Nilisema vipimo vya kituo haviaminiki na visitumike, na kwamba modeli itumie vipimo vya mto wa jirani, mpana, wa bonde tambarare. Sikwenda kumuuliza. Kamati ya Uchunguzi haikumwita mshtakiwa. Barua yenye muhuri ikatoka ofisini, ikapelekwa na bodaboda: kuanzia tarehe hii, usomaji wa kituo usitishwe.

Kwa vipimo vya jirani modeli ilikubali vizuri sana. Ilisema mto wetu, hata kwa mvua kali za miaka ijayo, utapanda taratibu. Watu wa majaruba watakuwa na nusu siku ya kuhamisha watoto na mifugo. Nilitengeneza mchoro mzuri wa rangi. Ulikuwa unasubiri kwenda kwa wanaopanga mahali pa kujenga.

Kilichonivunja ni ujumbe wa simu kutoka kwa mama. Ilikuwa Jumamosi, nikiwa ofisini. "Njoo saa 7 tule, nimepika kisamvu."

Niliandika "sawa" na kuweka simu chini. Kisha nikaichukua tena. Saa 7. Hakuna mtu kwenye ukoo wangu anayekula kisamvu saa moja asubuhi, na wala haikunipitia akilini hata kwa nukta moja kwamba mama alimaanisha hivyo. Ni saa saba mchana, jua la utosi. Nikafungua faili. Kichwa cha safu kilikuwa cha Kiingereza, nami nikazisoma tarakimu kwa Kiingereza. Saba ya Msomaji ilikuwa saba ya mama yangu. Mimi ndiye niliyeigeuza kuwa saa moja asubuhi, nikausukuma kila mto wake saa sita nyuma, mpaka ukapanda kabla ya mvua yake.

Niliongeza saa sita kwenye kila furiko. Nilibonyeza. Mto ukarudi nyuma ya mvua, ukakaa mahali pake, furiko baada ya furiko, bila hata moja kukataa. Mvua kubwa, mto unakuja haraka. Mvua ndogo, unachelewa. Halafu nikaona jambo jingine, na hapo niliinuka kwenye kiti. Muda kati ya mvua na kilele ulikuwa unapungua, mwaka hata mwaka. Vilima vilikuwa vinavuliwa miti na kuvishwa bati, na mto ulikuwa unajifunza kukimbia. Hakuna aliyemtuma Msomaji kutafuta hilo. Hakulijua. Alikuwa ameliandika tu, namba moja baada ya nyingine, amelowa. Nusu siku ya mchoro wangu ilikuwa, kwa mafuriko ya miaka ya karibuni, saa mbili tu.

Nimekulia kwenye maswali, na sina mazoea ya kuinamisha kichwa. Jumamosi ile niliinamisha. Chakula cha mama nilikula jioni.

Mkuu wangu wa kazi alisoma maelezo yangu mapya Jumatatu, akavua miwani. "Msomi mzima," akasema, "umeshindwa kusoma saa?" Kisha akacheka, kisha akaacha kucheka, akauliza, "Yule mzee bado anasoma?"

Nilikwenda siku hiyohiyo na barua mpya mkononi. Masika ilikuwa imeanza. Nilipofika darajani niliona kwamba daraja halipo. Majaruba ya upande wa chini yalikuwa yamefunikwa matope, na nguzo ya rula ilikuwa imesimama katikati ya mto na vazi la majani makavu shingoni. Mama mmoja aliyekuwa anaokoa viazi alinieleza: wiki mbili nyuma, mvua ya asubuhi, maji mengi kuliko aliyowahi kuona. Hakuna mtu aliyekufa. Msomaji alikuwa amesimama mtoni tangu mawingu ya kwanza, na alipoona alichokiona alipiga debe akipita nyumba kwa nyumba, na magoti yake yale yanayolia, mpaka watu wakapanda juu. Mbuzi walisombwa wengi.

Nilimkuta kibarazani. Shati lilikuwa safi. Miwani ilikuwa mpya kwangu, imefungwa kwa uzi upande mmoja.

"Shikamoo, Mzee Msomaji."

"Marahaba, msomi. Umepitaje bila daraja?"

"Nimevua viatu."

Nilimpa barua. Aliisoma amesimama. Ilisema usomaji uendelee na kwamba vipimo vyote vya nyuma vimekubaliwa. Alipomaliza aliikunja, akaiweka mfukoni, akakaa. Nilimweleza kila kitu: ukurasa wangu, saa zake, saa zangu, kisamvu. Sikujitetea, kwa sababu sikuona pa kuanzia. Alinisikiliza akitazama mikono yangu.

"Kwa hiyo ulidhani nasoma usingizini," akasema.

"Nilidhani hivyo."

"Ungekuja kuuliza."

"Ndiyo."

"Wewe! Uliyekuwa unauliza mpaka watu wanajificha." Alicheka kidogo, kicheko kisicho na hasira ndani, na kilinichoma zaidi ya ambavyo hasira ingenichoma. Kisha akamwita mkewe atuletee daftari la sasa na harusi.

Ndipo nikauliza nililokuwa naogopa kuuliza. "Siku ya furiko hili. Uliandika? Hata kwenye karatasi, hata ukutani?"

"Niliandikiwa nisisome."

"Lakini ulikuwepo. Uliona."

"Niliona."

"Unakumbuka maji yalifika sentimita ngapi, na saa ngapi?"

"Nakumbuka vizuri sana."

"Basi niambie, mzee. Nitaandika mimi. Hili ndilo furiko kubwa kuliko yote, na ndilo pekee lisilomo. Naamini neno lako kuliko chombo chochote."

Alitikisa kichwa. "Sasa unaniamini kupita kiasi. Sikuchuchumaa, sikuwa na daftari, nilikuwa nakimbia na debe. Kuna tope kwenye ukuta wa ghala la mpunga, pale yalipofika maji. Kapime, liandike kwenye daftari lako kwamba ni tope la ukutani. Hilo ni la kweli. Daftari hili ni la kilichosomwa."

Alifungua daftari. Mstari wa mwisho ulikuwa wa asubuhi ya ile barua ya kwanza. Chini yake ukurasa ulikuwa mweupe. Alihesabu kwa vidole kwenye kalenda ya kanisa iliyotundikwa mlangoni, mara mbili, akapata siku arobaini na tatu.

"Kila siku lazima iwe na mstari wake," akasema, akanisogezea kalamu. "Andika tarehe, halafu andika 'Haikusomwa'."

"Niandike mimi?"

"Siku hizo msomaji hakuwa mimi. Zilikuwa mikononi mwako. Weka na sahihi yako pale pembeni, kila mstari."

"Nikifunga kwa mabano, siku zote kwa pamoja?"

Alinitazama tu juu ya miwani, nikainamia daftari.

Alikaa kando yangu akanisomea tarehe kutoka kwenye kalenda, taratibu, kama mwalimu anayetoa imla kwa darasa la kwanza, akisubiri nimalize kila sahihi. Haikusomwa. Haikusomwa. Mkewe alileta chai, hakuna aliyeigusa. Kwenye mstari wa tisa nilianza kuandika haraka, akaniambia herufi zangu hazisomeki, nikaukata nikauandika upya. Huko chini mto ulisikika, mwepesi, umekwisha kusahau.

Tulipofika siku ya furiko kidole chake kilisimama juu ya kalenda. Nilimsubiri. Kisha akaisoma tarehe ile kwa sauti ileile aliyosomea nyingine, nami nikaandika.